Salamu za Njiani

Kaka yetu ndiye aliyemwangusha dada, na alimwangusha kwa upole. Alikuwa ametoka dukani kwake Kombani kuja Bongwe kutujulia hali, akakutana na dada njiani karibu na msikiti. Akamsalimu, dada akajibu. Akamwuliza habari za mguu, dada akaanza kueleza, na katikati ya maelezo akaenda chini kama gunia, mkono wa kushoto ukitangulia. Ulivunjika kwenye kifundo.

Wakati huo hakuna aliyeifikiria salamu. Sote tuliutazama mguu. Ule wa kulia ulikuwa umeanza kuburuta vumbi tangu mwaka uliopita, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kuna waliosema amekanyaga kitu alichotegewa. Kuna waliosema ni jini, wakataja mpaka kabila lake. Na kuna wasio na haya waliosema pengine ameanza kunywa, eti mwanamke wa swala tano apepesuke saa nne ya asubuhi. Hao nilitaka kuwatia makofi mmoja mmoja. Dada alicheka tu, akasema laiti angekuwa anakunywa, angalau angejua pesa zake zinakwenda wapi.

Dada yangu ni mpishi wa shughuli. Mwenye harusi, mwenye hitima, mwenye maulidi, akitaka pilau ya umati wa watu ambayo wageni wataitaja hata mwaka wa pili, hutuma mtu kwake, iwe Ukunda, iwe Msambweni. Hapimi kwa kikombe wala kwa mizani. Hutazama mchele, hutazama nyama, hutia mkono kwenye viungo, basi. Amesimama mbele ya kuni tangu alipokuwa msichana wa kukuna nazi, na nimeona wanaume wenye matumbo yao wakimwita mama ilhali ni wakubwa wake. Mimi ni mdogo wake wa kufuatana, na napika ubwabwa ambao mume wangu huula kwa subira.

Sasa lazima nieleze salamu zetu, maana ndizo zilizokuwa zikimwangusha. Huku kwetu watu wawili wakikutana njiani hawasimami. Anayesimama ana jambo, msiba au posa. Wengine husalimiana wakienda. Assalamu alaykum, waalaykumu salaam, habari za kwako, watoto hawajambo, na mama je, ile homa imepungua, na mjomba amesharudi, alhamdulillahi. Na hiyo alhamdulillahi ya mwisho huisikia mwenzako ameshakupa mgongo kitambo, nawe unaitikia bila kugeuka. Midomo inafanya kazi yake na miguu inafanya yake. Tangu utotoni hatujapata kudhani kuwa hiyo ni kazi mbili.

Msambweni walimfunga mkono, wakautazama mguu, wakatutuma Mombasa kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Tulikwenda, tukasubiri, tukarudi, tukaenda tena. Mwishowe tulikutana na daktari wa mishipa ya fahamu, msichana wa bara, mdogo hata nikamshuku. Alizungumza Kiswahili cha Nairobi, cha kukatakata, lakini alikuwa na adabu, na alimtazama dada usoni badala ya kutazama karatasi.

“Mama, hebu tembea mpaka kwa mlango, alafu urudi.”

Dada alikwenda polepole, akarudi salama.

“Poa sana. Sasa tembea tena, lakini ukienda unitajie vitu unaweka kwa pilau.”

Dada alicheka kwa sauti. Kumwuliza yeye viungo vya pilau ni kama kumwuliza imamu kama aijua Alhamdu. Akaanza safari. “Bizari,” akasema. “Iliki. Mdalasini.” Kwenye mdalasini mguu wa kulia ulipita mbele ya wa kushoto, na kama daktari hakuwa amemfuata kwa karibu, ule mkono mwingine nao ungekwenda. Alimdaka kiunoni, akamkalisha kitini.

Machozi yakamtoka dada. Mwaka mzima wa kuburuta mguu na wa kusemwa sikuwa nimemwona akilia.

“Nimesahau karafuu,” akasema. “Mimi, nimesahau karafuu.”

“Hujasahau, mama. Ubongo wako ulikuwa unachagua. Ni mguu ama karafuu. Haiwezi zote mbili saa hiyo moja.”

Akatuonyesha picha. Ndani ya ubongo mlikuwa na madoa meupe, hapa moja, pale mawili. Akatueleza kuwa askari wa mwili, wale wanaopaswa kupigana na maradhi, wamekosea adui, wanakula ganda linalofunika mishipa, kama waya wa umeme uliochunika. Umeme unafika, lakini unafika umechelewa, au unapotea njiani. Ugonjwa wenyewe una jina refu la Kizungu ambalo yeye alilifupisha kwa herufi mbili, M na S; sisi nyumbani tukauita ugonjwa wa waya. Hakuficha kitu. Alisema ubongo wa mgonjwa wa namna hii hupungua kidogo kidogo, zaidi ya unavyopungua kwa watu wengine, na ndiyo sababu siku hizi dada hulitafuta neno akalikosa, au hulipata watu wameshahamia mazungumzo mengine. Akasema fikira zikipungua kasi, kuanguka nako huzidi, kwa sababu kutembea ni kufikiri, ila mtu mzima wa afya hajui kwamba anafikiri. Dawa zipo za kupunguza mwendo wake, na mazoezi yapo, lakini kilichokwisha kuchunika hakirudi chote. Na ajihadhari na joto, maana joto huzidisha yote.

“Kwani unafanya kazi gani, mama?”

“Napika kwa kuni,” dada akasema.

Daktari akaandika kitu.

Dada aliuliza swali moja tu. “Na nikitembea bila kusema na mtu?”

“Ukitembea kimya uko salama kuliko ukishikwa mkono na mtu anaongea.”

Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono tangu tuliposhuka garini, nikimsimulia habari za mkwe wangu. Nikautazama ukuta.

Tulirudi nyumbani na kaka akaja kusikiliza. Nilimweleza yote, kuanzia madoa mpaka karafuu, na nilipofika kwenye salamu alinikatiza.

“Yaani mimi nimemwangusha dada yangu kwa kumwuliza hali?”

“Ndivyo.”

“Salamu haina mikono,” akasema. “Haimsukumi mtu.”

Alikuwa na maelezo mafupi zaidi: mguu ni mbovu, basi mguu usitembee. Kule Kombani alikuwa na chumba cha uani, kina feni, choo ki karibu, mkewe mwema, na tayari alikuwa amemwita fundi wa kupaka rangi. Dada angehamia huko, akae, aletewe kila kitu. “Utakaa kama malkia.”

“Malkia gani asiye na jiko lake, kaka?”

Niseme haki: kaka yetu si mtu mbaya. Tangu baba afariki ameubeba ukoo huu bila kulalamika, na mapenzi yake ni ya kweli. Ila ni mapenzi ya mtu wa duka la vifaa vya ujenzi. Kitu kikitikisika, yeye hukigongea misumari.

Alipokwenda kuswali, dada aliniambia akimenya kitunguu saumu, polepole, kwa mkono mmoja mzima na mmoja wa plasta. “Nikikalishwa nitakwisha, mdogo wangu. Hapa kila jiwe nalijua. Huko nitajifunza nini upya, na ubongo huu? Nitakaa chini ya feni, nitaulizwa hali mchana kutwa, siku moja mtanikuta nimesahau hata nilikuwa nani.” Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikaenda nje nikajifanya naangalia kuku.

Kaka aliporudi, dada alimpa masharti. Ramadhani ilikuwa inaandama. Ramadhani harusi hakuna, lakini yeye hupika futari ya madrasa kila siku, na kutoka kwake mpaka jiko la madrasa ni mwendo wa njia yote ya maduka. Akasema atakwenda kwa miguu yake, peke yake, mpaka Idd. Akianguka njiani hata mara moja, atafunga virago mwenyewe na kwenda Kombani bila neno. Asipoanguka, habari ya chumba isizungumzwe tena. Kaka alimtazama, akanitazama mimi, akasema haya. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa na hakika kwamba atashinda.

Na nusura ashinde siku ya kwanza. Wakati wa alasiri katika Ramadhani njia ile hujaa watu wote wa Bongwe. Huyu ananunua viazi, huyu mkate wa mofa, huyu amechoka na njaa anapunga upepo. Na habari za ugonjwa wa dada zilikuwa zimeshaenea. Watu wetu ni wema. Mtu mzima husalimiwa. Mgonjwa husalimiwa maradufu. “Pole dada! Waendeleaje? Na mkono? Na ule mguu? Daktari amesemaje?” Kila aliyemwonea huruma alimrushia jiwe bila kujua. Niliyaona haya kwa macho yangu, maana niliketi kwa fundi cherehani nikijisingizia kushonesha. Mara tatu alishika kuta za nyumba za watu asianguke.

Siku iliyofuata alijaribu kusimama kwa kila anayemsalimu: anasimama, anajishika, anajibu yote, ndipo anaendelea. Alifika jikoni mchele wa watu ukiwa haujaoshwa, jua limempiga kichwani, miguu yote miwili imelegea. Akajimwagia maji kwenye leso, akaifunga shingoni, akapika. Siku ya tatu akaamua kutojibu. Alipita njia nzima akitazama mbele, na hakujikwaa hata kidogo, lakini jioni ile ile muuza viazi karai, jirani yetu, mwanamke ambaye dada alimpikia harusi za mabinti wake wawili, aliniambia mbele ya wateja, “Mwambie dadako maringo hayajengi. Salamu ya Mungu nayo amekuwa haitikii?” Nilimjibu kwa maneno ambayo hayakufaa kwa mtu aliyefunga.

Dada aliposikia hakukasirika, ila aliumia, na kuumia kwake kukaniuma mimi. Ni mtu mwenye haya na habari zake. Alikuwa amejiapiza kwamba ugonjwa ule hautakuwa kitafunio cha watu. Alikaa akiisugua plasta yake, kisha akasema, “Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho kuna darsa.”

Darsa la wanawake hufanyika uwanja wa madrasa, na hujaa. Somo lilipokwisha dada aliomba ruhusa ya kusema neno, akabaki ameketi pale pale mkekani, miguu ameinyoosha mbele.

“Jamani,” akasema, “salamu zenu zinaniangusha.”

Muuza viazi aliinua uso.

Akaeleza, na alieleza vizuri kuliko mimi, japo mara mbili neno lilimpotea na sote tukangoja mpaka alipolipata. Akawaambia kwamba ndani ya kichwa chake mna waya zilizochunika, si jini wala si pombe. Akiwa anatembea, akili yote iliyobaki iko miguuni, na mtu akimwuliza habari za mama, inabidi akili iondoke miguuni ikamtafute mama. Akawahadithia na ya karafuu. Watu walicheka, naye akacheka, kisha wakaacha kucheka kwa sababu waliona machoni mwake ilivyomgharimu.

“Nawaomba kitu ambacho hakuna aliyepata kuombwa,” akasema. “Mkiniona nakwenda, ninyamazieni. Nipisheni kama hamjaniona. Na mkiniona nimeketi, njooni mnipe salamu zangu zote za njia nzima. Nitajibu hata mpaka magharibi.”

Mwanamke mmoja akauliza, naye aliuliza kwa nia njema, “Na salamu ya Mwenyezi Mungu, dada? Si wajibu kuijibu?”

“Nitaijibu moyoni nikisimama, na kwa ulimi nikiketi. Yeye ndiye aliyeniumba na ndiye anayejua zile waya. Hatanidai kuanguka.”

Muuza viazi alikuwa wa kwanza kuinuka. Nilidhani anaondoka. Akaja akaketi mbele ya dada, akamshika mkono, akasema, “Assalamu alaykum. Habari za jana, juzi na majuzi?” Dada akamjibu zote tatu kwa mpango.

Hapo ndipo nilipoijua Bongwe, nami nimezaliwa hapo. Kesho yake alasiri dada alitoka, na njia ikanyamaza mbele yake. Mtu anayepiga domo barazani anamwona, anakata neno. Wanaume waliosikia kwa wake zao walikuwa wakiweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, bila sauti. Watoto waliufanya ukimya huo mchezo, wakawa wanabana midomo mpaka mashavu yanavimba, akipita tu wanapasuka kwa vicheko. Kijana mmoja wa bodaboda, mgeni kutoka bara, alipiga honi akaita, “Niaje mathe!” na kabla hajamaliza wanawake watano walimgeukia na “Shhh!” moja ambayo nadhani mpaka leo anaisikia usingizini. Dada alisimama, akashika mti wa taa, akangoja miguu yake irudi kwake, akaendelea. Na akifika madrasani akaketi kwenye kibao cha mbuzi, foleni huanza. Anakuna nazi anaacha, anajibu salamu, anakuna tena. Hafanyi mawili pamoja. Jikoni nako aliweka sheria: anayemwuliza swali akiwa ameshika mwiko atakula ukoko.

Futari ya mwezi ule ilikuwa na ladha ile ile. Viungo alikuwa akivipanga kwenye vifuniko vya sufuria kabla ya kuwasha moto, kimoja kimoja, akivitazama mpaka aridhike kwamba hakuna kilichokosekana, na karafuu mbele ya vyote. Nilikuwa nikimtazama na kuwaza kwamba mimi, mwenye ubongo wangu kamili, sijawahi kukifikiria kitu chochote kwa makini kama yeye anavyoifikiria hatua moja.

Idd ilifika. Desturi yetu siku hiyo ni kukutana sote kwa mama, na kwa mama ni kupita njia yote ya maduka na kuendelea. Na siku ya Idd hakuna anayenyamaza. Watu wametoka kuswali, nguo mpya, marashi, kila mtu anampa kila mtu mkono, Idd mubarak kutoka kila mlango, na wageni waliokuja toka Kombani na Msambweni hawajui chochote kuhusu waya za mtu. Nilimwambia dada tupande tuktuk. Akanijibu kuwa mpaka Idd maana yake ni mpaka Idd.

Akatoka na leso mpya, nami nikamfuata kwa mbali. Wa kwetu walifanya kazi yao. Muuza viazi alitangulia mbele kama askari wa msafara, akiwaziba midomo wageni. Palipokuwa na kelele dada alisimama, akangoja, akaenda. Alikuwa ametoka jasho, na mguu wa kulia ulianza kuburuta kabla hatujafika msikitini.

Karibu na msikiti, pale pale, alitokea kaka. Alikuwa amekuja na pikapu yake, na nyuma ya pikapu niliona ameweka kamba na turubai, za kufungia vyombo vya mtu anayehama. Alimwona dada. Uso ukamchangamka, maana anampenda, na mkono ukainuka, na mdomo ukafunguka na ile Idd mubarak ya sauti kubwa ambayo yeye humpa kila mtu, yenye maswali kumi nyuma yake. Nilitaka kupiga kelele nikakumbuka kwamba hata kelele yangu ingemwangusha.

Ndipo akaona njia. Akaona wanaume wamesimama kando, mikono kifuani. Akawaona watoto na mashavu yao. Akamwona dada yake, anayekuja katikati ya ukimya ule, macho ameyatuliza mbele, anauweka mguu chini kwa uangalifu, kisha mwingine. Mdomo wa kaka ukafungika. Akaushusha mkono, akauweka kifuani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa pikapu, akampisha.

Dada alipita mbele yake bila kumtazama, akaenda mpaka kwa mama, akaingia, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akashusha pumzi. Kaka akaingia nyuma yetu. Hakuketi kitini. Alikaa chini mbele yake, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, na nikaona ndevu zake zimelowa.

“Shikamoo, kaka,” dada akasema. “Idd mubarak. Haya, sasa niulize.”

“Marahaba,” akasema kaka, na maswali yake yote yakawa yamemkimbia. Alitafuta muda mrefu, na sisi tukamngoja, kama tunavyomngoja dada.

“Umeamkaje?” akauliza mwishowe.